Sikio Ndilo Hutuponza Tukiandika Kiingereza

Saa mbili usiku kijana wa matbaa moja ya Kirinyaga Road alinipigia simu. "Mwalimu, hii neno ya mbele iko sawa?" Nikamwuliza neno gani. Akanisomea herufi mojamoja: A, N, U, A, L. Ripoti yenyewe ilikuwa na kurasa 96. Nilikuwa nimezisoma mara tatu na kuzozana na mwandishi juu ya alama za mkato, lakini jalada, lenye herufi kubwa kama za ubavuni mwa matatu, nililipita bila kulitazama. N ya pili ya "annual" haikuwepo. Pona yangu ni kwamba sahani za kuchapia zilikuwa bado hazijatengenezwa.

Kompyuta nayo ilinyamaza. Word, programu ninayoandikia, ilikuwa imewekwa iruke maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Ikiwa yako iko hivyo, unaweza kuingia kwenye mipangilio ukaondoa alama ya kuyaruka, na nakushauri uiondoe leo.

Nimesoma prufu za Kiingereza hapa Nairobi kwa miaka mingi, na makosa mengi ninayoyakuta hayatokani na uvivu. Yanatokana na sikio. Sisi tulifundishwa a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na kuanzia hapo mtoto anaweza kuandika neno lolote la Kiswahili alilolisikia. Tukipewa Kiingereza tunakiendea vivyo hivyo, nacho hakitaki. William Caxton alipoleta mtambo wa kuchapa Uingereza mwaka 1476, irabu za lugha hiyo zilikuwa katikati ya kuhama. Tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea na safari. Katika "knight", k na gh ziliwahi kutamkwa. B ya "debt" ilipachikwa na wasomi kwa heshima ya Kilatini, ingawa neno lilikuja kutoka Kifaransa bila b. S ya "island" ni kosa tupu: mtu alidhani neno lina asili ya Kilatini, na halina. Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza herufi fulani inafanya kazi gani, mara nyingine namjibu kwamba haifanyi yoyote, aizoee tu kama anavyozoea sura ya mtu.

Tena Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, nasi tunazibana katika tano zetu. Vinywani mwetu "hat", "hut", "heart" na "hurt" hukaribiana mno. Ndipo nakuta mapishi yanayoagiza "batter", badala ya "butter", ipakwe kwenye mkate. Isitoshe, mimi ni mtoto wa Nyeri, na lugha ya mama, Kikuyu, haina l. Wenzangu hucheka nikishrabu, yaani lafudhi ya nyumbani ikinitoka na kuchanganya l na r, nami hucheka nao, lakini kwenye karatasi si kicheko: "collect" na "correct", "clash" na "crash", "pray" na "play". Yote ni maneno halali, kwa hiyo kompyuta haioni tatizo. Nimejiwekea orodha ya jozi hizo, na kila kazi ikiisha nazitafuta mojamoja kwa kitufe cha kutafuta, pamoja na "form" na "from", "manger" na "manager", "costumer" na "customer", na lile neno "public" linapokosa l, ambalo limewaaibisha watu wazima wengi.

("Saloon" ya kusukia nywele siigusi. Kwenye kamusi ni baa au aina ya gari, lakini mtaa mzima unajua ukiingia pale unatoka umesukwa. Nitaisahihisha ikienda kwenye jarida, bango nitaliacha.)

Kuna shida nyingine isiyotajwa sana. Hati za Kenya zimejaa majina yetu: Wanjiku, Ng'ang'a, Achieng', Kipchumba, Kariobangi. Programu hupigia mengi ya hayo mstari mwekundu. Ukurasa ukishakuwa na mistari kumi ya majina, jicho linajifunza kuipuuza mistari yote, na "goverment" hujificha humo humo kati ya Ng'ang'a na Kipchumba. Mimi huanza kwa kuyaingiza majina yote kwenye kamusi ya kompyuta, baada ya kumwuliza mteja kila jina linaandikwaje. Kinachobaki na wekundu baada ya hapo nakiangalia kwa makini.

Halafu linakuja suala la Uingereza na Marekani. Shuleni tulifundishwa cha Uingereza. Kompyuta nyingi ninazoletewa zimewekwa cha Marekani, kile ambacho Noah Webster alikipigania hadi kamusi yake kubwa ya 1828. Ndiyo maana ripoti moja inakuwa na "colour" ukurasa wa 3 na "color" ukurasa wa 9. Chagua moja kabla hujaanza, uweke lugha ya hati nzima, usiweke ya aya moja tu.

Ila usiwe mkali kabla ya kujua. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipewa ripoti ya shirika moja nikakuta "organization" na "realize" kila mahali. Nikajiambia hawa wameandika Kimarekani, nikageuza kila z kuwa s, kutwa nzima. Kesho yake kazi ikarudishwa, z zote zikitakiwa mahali pake. Kumbe kamusi za Oxford zenyewe hutanguliza z katika maneno kama hayo, na Umoja wa Mataifa hufuata mtindo huo. Nenda ofisi zao za Gigiri, hapa Nairobi, usome nyaraka zao: "organization" kwa z, na "programme" kwa me mwishoni, kama katika jina la shirika la mazingira lenye makao makuu pale pale. Jina la shirika la kazi duniani ni International Labour Organization, u na z ndani ya jina moja. Majina rasmi hayabadilishwi hata yakikukera. Jengo letu la mikutano ni Centre, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ni Centers.

Mahali pamoja sikio husaidia. Watu huchanganya "licence" na "license", "practice" na "practise". Kwa Uingereza jina huchukua c, kitenzi s. Ukisahau, tamka "advice" na "advise": hapo tofauti inasikika, nazo hizo nyingine hufuata mpangilio uleule. Leseni yako ya udereva ni "licence".

Kusoma kwenyewe nakufanya kwenye karatasi, rula chini ya mstari, na raundi ya mwisho naanza sentensi ya mwisho kwenda ya kwanza ili maana isinibebe. Nambari za Paybill, zile za kulipia kwa M-Pesa, husomwa na watu wawili, mmoja akitamka tarakimu, mwingine akifuata kwa kalamu. Tarehe naiangalia kwenye kalenda, maana Ijumaa iliyoangukia Alhamisi nimeiona kwenye kadi za mwaliko zaidi ya mara moja. Jalada siku hizi nalisoma kwanza, asubuhi, kabla sijachoka.

Yule kijana wa Kirinyaga Road bado hunipigia. Wiki iliyopita aliuliza kama "accommodation" ina m mbili. Nikamwambia ndiyo, na c mbili pia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ngoja nisimamishe mashine."