Je, wajua kwa nini leza ya manowari hutaabika na hewa?

Simama ufukweni Dunga, Kisumu, usiku wa giza, wavuvi wa omena wakiwa wameshatoka. Taa zao kule ziwani hucheza na kutetemeka, na ukungu ukishuka hufifia kabisa, ilhali mashuani zinawaka vilevile. Taa haina kosa. Kosa ni la hewa iliyo katikati, na hewa hiyohiyo ndiyo inayowaumiza vichwa mafundi wa silaha za leza baharini.

Silaha zenyewe zipo. Mwaka 2014 Marekani ilipeleka leza ya kilowati 30 katika Ghuba ya Uajemi, ndani ya meli USS Ponce. Mwaka 2020 meli nyingine, USS Portland, ikaharibu droni kwa leza katika Bahari ya Pasifiki. Umeme wa kuchomea mara moja ni rahisi mno ukilinganisha na bei ya kombora. Mbona basi makombora hayajastaafu?

Leza haipasui kama risasi, inachoma. Mwali wake wa mwanga hauna budi kutulia mahali pamoja padogo kwa sekunde kadhaa, meli ikiyumba na droni ikikata kona. Shabaha ikiwa kilomita 5, kioo kinachouelekeza mwali kikiinama kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, mwali utateleza sentimita 10 au zaidi na joto litamwagika kando.

Juu ya hayo, mvuke wa bahari na chembe za chumvi hufyonza sehemu ya mwanga na kutawanya nyingine. Linalonishangaza zaidi ni kwamba mwali hujiharibia njia wenyewe. Umeona lami ya Kondele saa nane mchana, mazigazi yakicheza juu yake? Hewa yenye joto hupinda mwanga. Sasa mwali wa leza huipasha moto hewa unamopita, hewa inapanuka, na mwali unatanuka badala ya kubaki mwembamba. Ukiongeza nguvu, unaongeza pia joto njiani. Upepo wa ubavuni huokoa, kwani huleta hewa mpya. Lakini kombora likiijia meli uso kwa uso, mwali haugeuki, unabaki kuchemsha hewa ileile. Yaani shabaha ya kutisha kuliko zote ndiyo ngumu kuliko zote!

Ndani ya meli nako kuna joto. Leza hizi hugeuza takriban theluthi moja tu ya umeme kuwa mwanga. Kwa mwali wa kilowati 60, kama wa leza iitwayo HELIOS iliyofungwa kwenye meli ya Marekani USS Preble, zinabaki kilowati 120 hivi za joto: sawa na birika 60 za umeme zikichemka kwa pamoja. Joto hilo lahitaji pampu, mabomba na nafasi, kwenye meli ambayo rada zake nazo zinadai umeme na ubaridi.

Mizinga kwa hiyo bado iko sitahani. Mvua kubwa ikinyesha, ndiyo inayotegemewa.