Miligramu 80 za pombe damuni ni kiasi gani?

Dereva akisimamishwa usiku na kuambiwa apulize, kile kifaa hakijali amekunywa chupa ngapi. Kinatafuta uzito wa pombe katika ujazo fulani wa damu. Tanzania na Kenya mpaka ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ile inayoandikwa 0.08.

Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu mzima mwenye lita 5 za damu akifika hapo, pombe tupu iliyomo kwenye damu yake ni gramu 4 tu, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Nyingine imesambaa kwenye maji ya mwili mzima. Kwa hiyo bia zilezile tatu zinaweza kumvusha mpaka mtu mwembamba ambaye hajatia kitu tumboni, na jitu la miraba minne lililokula nyama choma likabaki chini yake. Hesabu ya chupa haina maana.

Sasa pumzi inaingiaje? Damu ikipita mapafuni, sehemu ya pombe hugeuka mvuke na kutoka na hewa. Uingereza, iliyoweka mpaka wa 80 kwa sheria ya mwaka 1967, huchukulia kwamba damu ina pombe mara 2,300 ya ile iliyo kwenye pumzi ya ujazo uleule. Gawanya 80 kwa 2,300: unapata kama miligramu 0.035, yaani maikrogramu 35, katika mililita 100 za pumzi, na ndicho kiwango cha alkoblo, kipima pumzi cha polisi wa Kenya. Hewa hiyo inatoka ndani kabisa ya mapafu, kwa hiyo pipi ya mnanaa itamdanganya mkeo labda, si mashine.

Wengine wamebana zaidi. Norwe ilianza na 50 mwaka 1936, leo ni 20. Uskoti ilishuka kutoka 80 hadi 50 mwaka 2014.

Kinachowaponza wengi ni asubuhi. Ini huondoa wastani wa miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu, na supu, kahawa au maji baridi haviliharakishi. Aliyelala saa 6 usiku akiwa na 160, saa 11 alfajiri bado ana 85. Ameoga, amepiga mswaki, anajiona mzima, na funguo ziko mkononi. Akizimua kwa bia moja, ndiyo anaongeza.