Taa za nyuklia kule Aktiki: watu wanaogopa kitu ambacho sicho

Ukimwambia mtu kwamba Wasovieti walijaza pwani yao ya kaskazini minara ya kuongozea meli, taa zake zikiwaka kwa nyuklia, hapohapo anawaza Chernobyl ndogo inayosubiri kulipuka. Hapana jamani, mle ndani hakuna kinu cha nyuklia. Kuna kipande cha stronshiamu-90, metali yenye mionzi, ambacho atomu zake zinaoza taratibu na zikioza zinatoa joto, basi. Huwashi, huzimi, huongezi mafuta, na kulipuka kama bomu hakiwezi.

Wengine wanasema ah, kumbe joto ndo linageuka umeme. Nusu yake kweli. Mwaka 1821 mwanafizikia Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti akapasha moto ungio moja, lile lingine akaliacha baridi, sindano ya dira ikacheza, dalili kwamba umeme unapita. Kazi inafanywa na tofauti ya joto, manake pande zote zikiwa moto sawasawa hupati kitu. Kwa hiyo baridi ya Aktiki, ile inayoua betri za kawaida, hapa inasaidia! Na wala si lazima nyuklia: miaka ya 1950 hao hao Wasovieti walikuwa na taa ya mafuta ya taa, fikiria chemli ya bibi, juu yake imevalishwa kifaa chenye mapezi ya chuma, unaiwasha inakupa mwanga na huku redio inaongea, kijiji hakina hata nguzo moja ya umeme.

Halafu kuna hii ya kwamba nyuklia ni lazima umeme uwe mwingi. Mtambo uliotumika sana kwenye minara hiyo unaitwa Beta-M, una kilo kama 560, ndani joto la wati 230 hivi, na umeme unaotoka ni wati 10. Kumi! Balbu ya LED ya chumbani kwako. Sasa kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kule usiku wa baridi unakaa wiki na wiki bila jua, mtu wa kubadilisha betri hayupo, na stronshiamu inachukua miaka kama 29 ndo nguvu yake ifike nusu. Kidogo ila haukatiki, sisi wa mgao tunaelewa raha yake. Siku hizi mitambo mingi imeng'olewa ikawekwa sola na betri, Norwei ikichangia pesa.

Hatari ipo, ila haiji kwa kishindo, inakuja kwa mionzi usiyoiona. Mwaka 2003 wezi wa vyuma chakavu waliuvunja mtambo mmoja pwani ya Baltiki, wakabeba chuma wakatupa kile kipande cha stronshiamu kwenye barafu, kikayeyusha barafu kikazama. Kabla ya hapo, Desemba 2001, wanaume watatu wa kijiji cha Lia, nchini Jojia, waliokwenda kutafuta kuni walikuta vitu viwili vya moto porini, theluji imeyeyuka pembeni yake. Vilitoka kwenye mitambo ya mawasiliano ya redio, si minara, lakini stronshiamu ni ileile. Usiku ulikuwa wa baridi, wakavisogeza karibu wakaota joto. Saa chache tu wakaanza kutapika, na mmoja wao alifariki 2004. Vilipokuja kutolewa Februari 2002 watu walipokezana, kila mmoja akikaa pale chini ya dakika moja.