Uwanda wa Kitulo, kwa macho ya mtu wa Unguja

Sisi tuliokulia Makunduchi tukisikia neno uwanda huyafikiria maweni: ardhi tambarare ya jiwe la matumbawe, yenye vichaka na udongo haba uliojificha kwenye mianya ya mawe. Kwa hiyo ninapofundisha jiografia ya Kitulo, uwanda wa nyasi ulioko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, baina ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, hulazimika kwanza kuliondoa neno hilo katika picha ya kwetu.

Uwanda wetu umejengwa na bahari, kwani matumbawe yaliota hadi karibu na uso wa maji, na bahari iliposhuka yakabaki nje, makavu. Kitulo iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na mahali yanapokutana matawi ya Bonde la Ufa, na volkano za upande wa Rungwe zimeitandika majivu ambayo baadaye yaligeuka udongo wenye rutuba.

Urefu huo ndio unaoamua kiote nini. Hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hivi katika kila mita 1,000 za kupanda, hivyo saa ambayo Forodhani tunatoka jasho kwa nyuzi 30, Kitulo huenda ikawa na nyuzi 15 tu, na usiku wa Juni na Julai sakitu huyafunika majani. Miti mingi haiistahimili hali hiyo. Nyasi huistahimili, na vilevile okidi za ardhini, ambazo viazi vyake hulala udongoni kiangazi chote na kuchipua mvua zinapoanza, mnamo Novemba. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu, na jina hilo naliona la haki kabisa. Viazi hivyo vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kuzilinda okidi ilikuwa sababu mojawapo ya kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, yenye kilomita za mraba 412.9.

Lakini jambo ninalolithamini zaidi ni maji. Mvua ya Makunduchi hupenya jiwe mara moja ikapotelea mapangoni, ilhali udongo wa Kitulo huyashika maji, ukayaachia polepole kwenye vijito vinavyoulisha mto Ruaha Mkuu. Maji hayo hupita Usangu, mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha huingia Rufiji na kumwagika baharini mkabala na Mafia. Katika mikoko ya delta hiyo ndimo zilimokatwa boriti nyingi zilizobeba dari za Mji Mkongwe, na kwa sababu hiyo somo la Kitulo huwa nalianza kwa kuwataka wanafunzi watazame juu.