Bodi nne za shule London, Ontario: mzazi mgeni aanzie wapi?

Familia inayofika London (huu ni mji wa Kanada, kusini-magharibi mwa jimbo la Ontario, si ule wa Uingereza) ikitokea Bukavu, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu, hutuuliza kwanza ilipo shule ya serikali. Kwa kweli ziko za aina nne, kila aina chini ya bodi yake, yaani chombo kinachosimamia shule zake katika eneo. Zote zinaendeshwa kwa kodi na hakuna inayotoza wakazi ada. Thames Valley ni bodi ya shule za umma za Kiingereza, London District ni ya shule za Kikatoliki za Kiingereza, Viamonde ni ya umma kwa Kifaransa, na Providence ni ya Kikatoliki kwa Kifaransa. Shule za Kikatoliki zinalindwa na katiba ya 1867, na haki ya kusoma kwa Kifaransa iliingizwa katika katiba mwaka 1982.

Kwenye Kifaransa ndipo wazazi wetu wengi hukosea. Mzazi aliyesoma Kifaransa tangu utotoni huambiwa kuna "French immersion" katika shule ya karibu, akamwandikisha mtoto akidhani ndiyo shule ya Kifaransa. Hapana. Huo ni mpango wa bodi za Kiingereza, kwa watoto wanaojifunza Kifaransa kama lugha ya pili. Barua zinazokuja nyumbani ni za Kiingereza. Shule ya Kifaransa ni nyingine kabisa: hesabu, sayansi, hata mazungumzo na ofisi, yote ni kwa Kifaransa, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Haki ya kikatiba ni ya raia wa Kanada wanaotimiza masharti fulani, lakini bodi hizi zina kamati ya udahili inayoweza kuipokea familia ya wahamiaji wanaozungumza Kifaransa. Omba. Kijana wa miaka 14 aliyesoma darasani kwa Kifaransa ataendelea na hesabu zake mara moja, na Kiingereza atakipata barabarani na uwanjani. Mimi ningemshauri mzazi wake aanzie huko.

Mtoto wa shule ya msingi huwekwa darasa la umri wake hata kama alikosa miaka kambini. Mzazi asikubali kuambiwa kwamba mtoto amepandishwa kwa makosa. Katika bodi za Kiingereza kuna masomo maalumu kwa wasiojua lugha, na mengine kwa waliokatiziwa shule. Mzazi aeleze wazi miaka iliyopotea. Sekondari inahitaji krediti 30 (kipimo anachopata mwanafunzi kwa somo alilofaulu) ili kumaliza, kwa hiyo kijana aje na vyeti vyake vyote, hata vilivyochakaa. Kadi ya chanjo nayo isisahauliwe.

Na wasio na vibali? Sheria ya elimu ya Ontario inakataza kumnyima nafasi mtoto wa chini ya miaka 18 kwa sababu yeye au mzazi wake yupo nchini kinyume cha sheria. Hili lisemwe kwa sauti, maana hofu imewaweka watoto nyumbani bure.

Bodi huongozwa na wajumbe wanaochaguliwa kila baada ya miaka 4, katika uchaguzi ule ule wa madiwani wa mji. Kura hiyo ni ya raia tu. Fedha nyingi hutoka serikali ya jimbo, nayo inaweza kuingilia kati. Aprili 2025 waziri wa elimu alimweka msimamizi Thames Valley, na madaraka ya wajumbe yakahamia kwake.

Baraza la shule, yaani kikundi cha wazazi na wengine kinachoishauri shule moja, ni jambo jingine. Humo uraia hauulizwi: ukiwa na mtoto shuleni, unaweza kugombea na kupiga kura, na wazazi ndio lazima wawe wengi. Uchaguzi hufanyika ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa masomo. Ukihitaji mkalimani, mwambie mkuu wa shule mapema, wiki ile ile mtoto anapoanza.