Fyuzi kubwa si dawa ya fyuzi inayoungua

Malindi, fyuzi ya gari ikiungua mara mbili hukosi wa kukwambia: "Tia ya nguvu zaidi, hiyo ndogo." Ushauri huu ni wa zamani, na una kosa.

Kazi ya kwanza ya fyuzi ni kulinda waya, si redio wala taa. Waya uliopangiwa fyuzi ya ampea 10 ukitiwa ya 30, hitilafu ikitokea unaweza kuchemka mpaka ganda lake liyeyuke nyuma ya dashibodi, na fyuzi isikatike. Kufunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, ni kubaya zaidi: hapo hamna kinga kabisa.

Fyuzi za kawaida za vibapa, zile zenye miguu miwili bapa, hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Lakini usiiamini uliyoikuta mle, huenda mwenzio alishaibadilisha. Soma kifuniko cha kisanduku au kitabu cha gari.

Ikiungua tena, tafuta sababu. Huenda waya umechubuka ukagusa bodi ya gari, au mota ya waipa imekwama. Magari yanayolazwa msimu wa kusi, wenye nyumba wakiwa Ulaya, yana balaa zao: panya hutafuna waya, chumvi hula viunganishi. Anayeliacha gari miezi kadhaa achomoe waya wa hasi wa betri. Na fyuzi za akiba ni za bei ndogo. Weka chache garini, za ukubwa uleule.