Sasa hapo mlima uko wapi?

Hilo ndo swali la kwanza la wageni wengi wakiingia chumba chetu cha picha hapa Moshi. Yani mtu kazoea Kibo nyeupe juu, bluu katikati, migomba chini, halafu anakutana na turubai lina mabaka mekundu, njano na mstari mmoja mweusi, anahisi katapeliwa.

Mchoraji wa ekspreshonizimu, yani uchoraji unaotanguliza hisia kuliko sura halisi ya kitu, hajakosea rangi jamani. Mwaka 1905 vijana wanne waliokuwa wanasomea usanifu wa majengo kule Dresden, Ujerumani, walianzisha kikundi cha Die Brücke, mti wakaupaka mwekundu wakitaka, bila kumuomba mtu radhi. Kuanzia 1908 Mrusi Kandinsky akawa anachora mji mdogo wa Murnau chini ya milima ya Alps, na kadiri miaka ilivyoenda nyumba na vilima vikawa vinayeyuka hadi zikabaki rangi zenyewe.

Kosa ninalolisikia sana, hata kwa walimu, ni kusoma rangi kama kamusi: nyekundu hasira, bluu huzuni, basi imeisha. Haiendi hivyo. Rangi inategemea imekaa na nani. Damu ya mzee ukiiweka kando ya ugoro inalala, ileile ukiiweka kando ya kijani kibichi inapiga kelele, na kina mama wanaochagua vitenge sokoni wanalijua hili kuliko sisi wenye vyeti. Ufaransa mkemia Chevreul aliletewa malalamiko kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, akachunguza akakuta nyeusi haina shida, tatizo ni bluu na zambarau zilizokaa jirani yake, na 1839 akatoa kitabu kizima juu ya hayo. Jaribu nyumbani: kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, kimoja weka juu ya kitambaa cha chungwa, kingine juu ya bluu. Utabisha kuwa ni karatasi moja!

Sasa kwenye mandhari kuna kitu cha ziada. Macho yetu yamezoea kuwa kilima cha mbali kina ubluu kwa sababu ya hewa iliyopo katikati, cha karibu kina joto la udongo. Mchoraji akigeuza, ardhi bluu na mbingu njano, ardhi inakukimbia miguuni na mbingu inakujia usoni, unabanwa kifua kabla hata hujajua umeangalia nini. Hofu imeingia hapo, na hakuna mtu aliyechorwa analia.

Kwa hiyo ukija, simama hatua kama tano nyuma, tulia dakika mbili, uliza rangi gani inasogea na ipi inarudi nyuma. Kibao cha jina soma mwisho. Kandinsky mwenyewe baadhi ya picha zake aliziita tu "Composition" au "Improvisation", akaongeza namba basi.